Dada Punguza na Msonyo wa Mke Wangu

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama katikati ya mtaa wetu wa mafundi, mkoba wa kompyuta begani, akiuliza kwa sauti kama mtu anayenadi mitumba:

"Jamani, samahanini! Nani hapa ana simu mbovu kuliko wote?"

Mtaa wetu haujawahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Nani aliziba mtaro, jenereta ya nani ina kelele zaidi, gari la taka lipite upande gani, hayo yote tunabishana mpaka leo. Lakini siku ile kinyozi alinyoosha mashine yake, muuza makava ya simu akanyoosha kidole, fundi viatu akanyoosha nyundo, na vyote vilielekea kwenye duka langu.

Mimi hutengeneza makochi. Wakati huo nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kochi kubwa, nikishona kitambaa cha mgongoni. Niliposikia viatu vinakuja nilibaki pale pale. Sikuwa najificha. Mtu nisiyemjua akiingia dukani, napenda anizoee kwanza kabla hajaniona.

"Hodi, fundi," akasema. "Nakuona miguu."

Nikatoka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, miwani yake imegandishwa kwa gundi upande mmoja. Nikampa simu. Kioo kilikuwa kimepasuka kama ardhi ya kiangazi, na betri ilikuwa imevimba hadi mfuniko haufungi, kwa hiyo nilikuwa nimeifunga kwa kipande cha mkanda wa mpira, ule tunaoupitisha chini ya kiti cha kochi. Aliishika kwa mikono miwili.

"Inafungua mtandao?"

"Inafungua. Ila inachukua muda wake."

"Muda wake kiasi gani?"

"Mimi huwa naiweka pale dirishani naendelea na kazi. Baadaye naenda kuangalia kama imefika."

Alifumba macho kama mtu aliyeonja kitu kitamu. "Fundi," akasema, "nimezunguka mji mzima nakutafuta wewe."

Mke wangu alikuwa anaingia na chakula cha mchana. Katika mazungumzo yote yale, alisikia sentensi hiyo moja tu.

"Anakutafuta wewe?" akaniuliza, akiwa bado mlangoni. "Wa nini?"

Wivu haukuwepo katika swali lile. Alikuwa anashangaa tu, na mshangao wake ndio ulioniuma.

Yule dada akamweleza. Kazi yake ilikuwa kuzifanya kurasa za mtandao zifunguke haraka. Akasema wanaozitengeneza hukaa ofisini na simu mpya na mtandao wa nguvu, wakibonyeza ukurasa unafunguka, wanapongezana, wanakwenda nyumbani. Lakini anayeuhitaji ukurasa huo yuko kituo cha basi na simu kama hii ya fundi, bando lake limebaki tone. "Mimi natafuta simu inayoteseka," akasema. "Ukurasa ukifunguka kwenye simu hii, utafunguka kwa kila mtu."

Mke wangu akaweka sahani chini. "Kumbe zinaweza kufunguka haraka? Mimi nilidhani ndivyo zilivyoumbwa."

Wiki ile ile akakodi chumba cha nyuma cha duka langu, nilikokuwa naweka sponji. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu. Kwa kuwa mimi nilimwita dada, mke wangu akamwita wifi, na yeye akamwita mke wangu wifi, na tangu siku hiyo nikawa naishi na mawifi wawili walioelewana, jambo ambalo halina raha kwa mwanamume.

Jina la Dada Punguza alipewa na kinyozi. Dada yule alikuwa haoni kitu bila kutaka kukipunguza. Alisimama mbele ya bango la kinyozi lenye vichwa vilivyonyolewa kila namna, akaliangalia, akasema, "Kaka, mteja akimaliza kuchagua hapa nywele zinakuwa zimeota zaidi. Punguza." Kinyozi alikasirika siku nzima. Kesho yake akafuta nusu ya vichwa, halafu akamtangaza mtaa mzima kwa jina hilo ili kulipiza.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Ananiketisha kwenye kochi, ananipa simu yangu mwenyewe, ananiambia fungua ukurasa fulani, kisha anakaa mbele yangu na kuniangalia usoni. Haangalii simu, anaangalia uso wangu. Mtu asiyependa kuangaliwa hawezi kupewa adhabu kubwa kuliko hiyo.

"Umechoka kusubiri?"

"Hapana, dada."

"Sasa?"

"Bado, dada. Iache tu ije yenyewe."

Siku moja nilisubiri ukurasa wa duka la vyombo mpaka nikachukua sindano na kuanza kushona mto ulio karibu. Nikamaliza mto. Dada Punguza akauchukua ule mto, akaugeuza, akanitazama.

"Fundi, wewe hufai. Ukurasa huu ungemkimbiza mtakatifu, na wewe umeshona mto. Nahitaji mtu mwenye hasira."

Wakati huo huo mke wangu aliingia kuchukua sahani, akachukua simu mkononi mwangu, akaangalia kile kiduara kinachozunguka, akasubiri kama kupepesa macho mara mbili, akasonya. Ulikuwa msonyo mrefu, ulionyooka, wenye mwanzo, katikati na mwisho. Nimeishi nao kwa miaka mingi na naujua vizuri.

Dada Punguza aliruka kutoka kwenye kiti. "Wifi! Rudia!"

Basi kuanzia hapo kipimo chake kikawa msonyo wa mke wangu. Wataalamu wengine wana mashine zao, naye pia alikuwa nazo kwenye kompyuta, zinachora mistari ya rangi. Lakini neno la mwisho lilikuwa la mke wangu. Ukurasa ukifunguka kabla hajasonya, umepita. Akisonya, unarudi kuchambuliwa. Mke wangu hakuwahi kupewa kazi iliyomfaa kama ile. Alianza kuja mapema.

Sasa nieleze habari za kaka yake, maana bila yeye hakuna aliyekuwa na haraka.

Kaka yake Dada Punguza alikuwa na duka la mabati upande wa pili wa mji. Mtu mkubwa, mpole, mwenye sauti inayofika kabla yake. Alikuja kila Jumamosi kumwona mdogo wake, na kila alipokuja alibeba begi kubwa la safari, tupu. Analiweka chini, analifungua zipu, analiacha wazi mdomo, halafu ndipo anasalimia.

"Mdogo wangu, bado hujachoka?"

"Bado, kaka."

"Kazi gani hii ya kuondoa vitu? Watu wote wanalipwa kwa kuongeza. Mimi mteja akija namwongezea bati. Wewe akija unamwondolea picha. Halafu unataka akushukuru."

Walikuwa wamekubaliana. Kaka alimpa mpaka mwisho wa msimu apate mteja mmoja wa kudumu, mteja wa kweli, ofisi yenye mlango. Akikosa, angejaza begi lile na kurudi nyumbani kwa kaka, kukaa kwenye stuli ya duka la mabati na kulea watoto wa kaka, ambao walikuwa wengi na wote wamerithi sauti ile.

"Wananipenda," aliniambia siku moja kupitia ukuta wa mbao. "Hiyo ndiyo shida, fundi. Nikirudi kule sitatoka tena. Nitakuwa shangazi. Shangazi wa kudumu."

Nikagonga msumari mmoja usiohitajika ili ajue nimesikia.

Mteja mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara. Ni daktari wa meno, mwenye kliniki ghorofani, na alikuwa anajiandaa kufungua nyingine kubwa zaidi kwenye jengo lile lile, chini, yenye viti vipya na vioo. Alitaka watu wachukue nafasi zao kwa simu. Ukurasa alitengenezewa na mpwa wake, na mpwa wake alimpenda mjomba kupita kiasi. Aliweka muziki. Aliweka nyota zinazodondoka. Aliweka herufi za kila aina, kama kadi ya harusi iliyoandikwa na kamati nzima. Na juu kabisa aliweka picha ya mjomba akitabasamu, picha kubwa ya kubandikwa ukutani, iliyoshindiliwa ndani ya simu kama godoro ndani ya mkoba wa sokoni.

Tuliufungua ukurasa huo kwenye simu yangu siku ambayo kinyozi alikuja na shavu limevimba. Jino lilikuwa linamla. Akaketi kwenye kochi na simu mkononi, na sisi tukasimama nyuma yake.

Picha ilishuka kutoka juu kwa vipande. Kwanza zikaja nywele. Tukasubiri. Likaja paji la uso. Tukasubiri. Likaendelea kuja paji la uso.

"Huyu daktari ana paji la uso," alisema kinyozi kwa upande mmoja wa mdomo. "Haliishi."

Zikaja nyusi. Muziki ukaanza. Halafu simu ikakwama, ikazima, ikawaka, na nywele zikaanza kushuka upya.

Mke wangu akasonya. Kinyozi akarudisha simu na kusimama. "Mimi naenda kwa fundi viatu," akasema. "Ana koleo."

Dada Punguza akamzuia kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akachukua simu yangu na kuvuka barabara. Alirudi na daktari mwenyewe, koti jeupe, mtu nadhifu anayenukia dawa ya mswaki. Daktari alitoa simu yake, mpya inayong'aa, akabonyeza, ukurasa ukafunguka papo hapo na nyota zikadondoka.

"Sasa, binti, tatizo liko wapi?"

"Hapa, Daktari." Akampa yangu.

Aliishika kwa vidole viwili kama jino lililooza. Nywele zikaja. Paji likaja. Daktari aliliangalia paji lake mwenyewe kwa muda ambao naamini hakuwahi kuliangalia maishani.

"Hapa nilikuwa nimenyolewa vibaya," akasema.

"Sikukunyoa mimi," alisema kinyozi.

Tukasubiri tena.

"Kwa nini inaanza na nywele?" akauliza daktari.

"Inaanza juu, Daktari."

"Ianze na meno."

"Haiwezi kuanza na meno."

"Mimi ni daktari wa meno."

"Simu haijui hilo bado," alisema Dada Punguza. "Haijafika huko."

Nilirudi nyuma ya kochi langu hapo, maana kicheko kilikuwa kinanitoka puani na sikupenda kumvunjia mtu heshima. Nilisikia mengine kwa masikio. Daktari alisema uso wake ndio biashara, akiutoa watu watajuaje ni yeye. Dada Punguza alisema mwenye jino bovu hatafuti uso, anatafuta mahali pa kubonyeza. Wakavutana. Mwishoni daktari akakubali autengeneze upya, ila kwa masharti. Kliniki mpya ingefunguliwa Jumatatu ya wiki inayofuata. Siku hiyo viti vikijaa, atampa kurasa zake zote, na atamtambulisha kwa madaktari wenzake. Visipojaa, mpwa wake atarudisha kila kitu.

"Pamoja na muziki," akasema.

Jumamosi ile kaka alipokuja na begi, akaambiwa habari. Akafunga zipu ya begi polepole. "Basi nakuja Jumatatu hiyo," akasema. "Nitaacha begi hapa, nisihangaike kulibeba."

Wiki ile nilimsikia Dada Punguza ng'ambo ya ukuta akifanya kazi, na nilichosikia zaidi ni kuguna. Anaguna kama mtu anayetoa vitu vya jirani kwenye stoo yake. Wakati mwingine aliniita nikaone.

"Fundi, mteja akinunua kochi moja unampelekea ngapi?"

"Moja."

"Humpelekei na yale mengine yote ya dukani, na mbao, na ngazi yako, ili siku akitaka kuyaona yawepo?"

"Hayataingia mlangoni."

"Mpwa wa daktari anapeleka yote. Mtu anataka kuchukua nafasi tu, analetewa picha za viti, picha za bomba, ramani, na picha ya mpwa mwenyewe amevaa suti. Mimi nasema viti vije mtu akishuka kuvitafuta. Asiposhuka, vibaki huko huko."

Picha aliziminya mpaka zikawa nyepesi. Alitoa herufi zote akabakiza aina moja ambayo kila simu inayo tayari. Nyota alizifagia. Alipanga vitu kwa zamu: kwanza kile kitufe cha kuchukua nafasi, kisha saa za kliniki, kisha mengine kama yapo na kama yanajipenda. Na vilivyokwisha kuletwa mara moja aliviambia vikae ndani ya simu, visiende na kurudi kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Uso wa daktari aliuweka chini kabisa, mdogo kama kifungo cha shati.

Siku ya kupima, mke wangu alifika amejiandaa. Alikaa wima, akachukua simu yangu, akabonyeza, na kwa mazoea akaanza kukunja midomo.

"Tayari," alisema Dada Punguza.

"Tayari nini?"

"Imefunguka."

Mke wangu akaangalia simu. Kweli ilikuwa imefunguka. Alibaki na msonyo wake mdomoni, hajui aupeleke wapi. Mwisho akanipa mimi.

Nafasi za kliniki mpya zilifunguliwa Jumapili mchana, na kabla ya jioni nafasi zote za Jumatatu zilikuwa zimekwisha. Daktari alivuka barabara bila kuangalia magari. Alimshika Dada Punguza mikono yote miwili. Alinishika mimi mikono, jambo lililonisumbua. Alimshika hata mke wangu, ambaye aliitikia kama mwenye mali.

Jumatatu asubuhi tulikwenda wote kuona. Kliniki iling'aa. Wauguzi walikuwa wamepangwa mstari, viti vya wagonjwa vimefunikwa nailoni, maua juu ya meza ya mapokezi. Kaka naye alikuwepo, amevaa shati la mikono mirefu, amebeba begi kwa sababu alisema akiliacha dukani kwangu litajaa vumbi la sponji.

Mgonjwa wa kwanza akaingia: kinyozi, ameshika shavu. Wote wakampigia makofi. Daktari akamkalisha, akamwambia afungue mdomo kidogo, halafu akataka picha ipigwe kwanza wagonjwa wengine wakifika.

Wagonjwa wengine hawakufika.

Daktari akaenda kwa dada wa mapokezi. "Wa kwanza ni nani?"

Dada wa mapokezi akaangalia kioo cha kompyuta. "Kinyozi."

"Wa pili?"

"Kinyozi."

"Wa tatu?"

"Kinyozi tena, Daktari."

"Ana meno mangapi huyu?" alisema daktari. "Wa nne?"

"Mke wa fundi makochi."

Sisi wote tukamgeukia mke wangu. Yeye akaangalia maua.

"Wa tano?"

"Mke wa fundi makochi. Na wa sita. Wa saba ni muuza makava, halafu muuza makava, halafu kinyozi amerudi."

Hapo ndipo Dada Punguza alipokaa chini. Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa begi la kaka, akalikalia.

"Wifi," aliuliza kwa sauti ndogo, "ulibonyeza mara ngapi?"

"Nilikuwa nakuunga mkono," alisema mke wangu. "Nilibonyeza, haikuzunguka. Nikasema imekataa. Nikabonyeza tena."

"Iliandika kwamba umepata nafasi."

"Iliandika haraka mno! Kitu kinachojibu haraka hivyo kimesikiliza saa ngapi?"

"Hata mimi," alisema kinyozi kutoka kwenye kiti, mdomo wazi. "Mimi nimezoea inazunguka, inazunguka, halafu inakubali. Hii haikuhangaika hata kidogo. Nikajua ni uongo."

Mtaa mzima ulikuwa umefanya hivyo hivyo. Wenye maumivu ya kweli walipofungua simu zao walikuta nafasi zimejaa, wakabaki nyumbani na mashavu yao. Ukurasa ulikuwa umefunguka upesi kuliko watu walivyoweza kuuamini.

Daktari alitoa simu yake. "Nampigia mpwa wangu," akasema. "Muziki anao kwenye kompyuta."

Kaka naye, kwa huruma, alianza kukunja waya wa kompyuta ya mdogo wake vizuri, kitanzi juu ya kitanzi. "Simama basi, mdogo wangu, nifungue begi."

"Sisimami. Subiri, kaka."

"Subiri? Neno hilo wewe?"

"Subiri!" Alinyang'anya waya, akaiweka kompyuta juu ya magoti, akiwa bado amekalia begi. "Wifi, njoo hapa. Ingehangaika kiasi gani ndiyo ungeamini?"

Mke wangu alifikiri sana, kama mtu aliyeulizwa chumvi ya sufuria la watu wengi.

"Kidogo," akasema. "Kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na unajua anao."

Dada Punguza akaanza kuandika. Machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka, na miwani ikashuka mpaka ncha ya pua. "Miaka yote nang'oa kusubiri," alisema bila kumwambia mtu. "Leo napanda kusubiri kwa mikono yangu." Kwanza alikifanya kile kitufe kilale, ukikibonyeza mara moja hakibonyezeki tena. Kisha akaweka kiduara cha kuzunguka. Akamwita mke wangu, akampima, akakirefusha, akampima, akakifupisha, mpaka akapata mahali ambapo midomo inaanza kukunjwa tu, bado haijatoa sauti.

Halafu akamwangalia daktari, aliyekuwa ameweka simu sikioni akisubiri mpwa wake apokee.

"Daktari, ile picha yako."

"Umeiweka chini kama kifungo. Nimeiona."

"Nataka kuipandisha. Mtu akishabonyeza, kuna kitambo atakodoa macho asubiri jibu. Hakuna mahali kwenye ukurasa wote watu wataangalia kama pale. Nikuweke hapo, mviringo, katikati."

Daktari akashusha simu. "Nitakuwa nafanya nini?"

"Utakuwa unazunguka."

"Mimi?"

"Kidogo tu."

Akafikiri. Wauguzi wote wakaangalia sakafu.

"Kuelekea upande gani?"

"Unaoutaka wewe."

"Kulia," alisema daktari. "Ndio upande wangu mzuri."

Walifuta nafasi za uongo, wakafungua upya mchana ule ule. Uso wa daktari ukazunguka kwenye simu za mji mzima, ukitabasamu, kuelekea kulia, na watu wakaamini. Mchana haujaisha viti vyote vilikuwa na watu, na wengine wamesimama ukutani wameshika mashavu. Kinyozi, ambaye nafasi zake zote zilifutwa ikabaki ile ya mwisho, aling'olewa wa mwisho kabisa. Mpwa alifika na muziki wake kwenye mkoba, akapewa kazi ya kufungua mlango.

Kaka alibeba begi lake akaondoka. Alipofika mlangoni aligeuka kama anataka kusema kitu kuhusu mabati, akaghairi.

Baada ya daktari wakaja madaktari wenzake, kisha duka la dawa, kisha shule, na mwishowe watu wenye ofisi kubwa katika mji mwingine wakamwita akafanye kazi huko, na chini yake watu kadhaa wa kuguna kama yeye. Siku anaondoka, kaka alikuja na begi lile lile. Safari hii lilijazwa, na alilibeba mwenyewe begani, akimwambia kila aliyepita, "Huyu ni mdogo wangu. Anaondoa vitu."

Mimi nilimpa simu yangu. Nilikuwa nimeifunga mkanda mpya wa mpira, rangi ya kijani. Aliipokea kwa mikono miwili kama siku ile ya kwanza, akanipa mpya. Hiyo mpya ninayo, inafunguka haraka mpaka inanitisha, na bado naiweka dirishani kwanza kwa heshima.

Gari la kumchukua lilichelewa. Tulisimama wote kandokando ya barabara, na yeye aliyepigana na kusubiri maisha yake yote alikuwa anasubiri. Kaka akasonya. Mke wangu akasonya, na mtaa ukatulia kumsikiliza. Kinyozi naye akajaribu, lakini kwa lile pengo ikatoka filimbi. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wa kompyuta.

Gari likafika. Akaingia, akashusha kioo, akanyoosha mkono nikampa mkoba.

"Fundi," akasema, "mtaa mzima umesonya, umebaki wewe. Sonya hata mara moja nikusikie."

Nilikunja midomo. Watu wote walikuwa wananiangalia, dereva pia. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Dereva akawasha gari, na Dada Punguza akaegemeza kidevu dirishani, akatulia kabisa.

"Usijali, fundi," akasema. "Nitasubiri."